Uzi: Tafiti mpya za tiba, zipi zimefika Malindi na zipi zinaishia kwenye simu zetu

#1 Bi_Dawa_Muyeye

Wadau, salaam. Siku hizi mtu haji dukani kwangu na karatasi ya daktari peke yake, huja na video pia. Ananinyooshea simu juu ya kaunta: "Bi Dawa, hawa wamesema sikoseli sasa inapona, mnayo hiyo dawa?" Mwingine ana habari ya figo ya nguruwe, mwingine ya sindano ya kukinga ukimwi, mwingine ya kukondesha. Kumweleza mmoja mmoja huku nahesabu vidonge nimeshindwa, ndiyo maana naufungua uzi huu.

Niseme mapema: mimi ni mfamasia, si daktari, na humu sitamtibu mtu. Ila karatasi za tafiti nazisoma, na kila habari naiuliza swali moja: mtu wa Marafa au Gongoni ataipata wapi, na kwa pesa ya nani? Habari nyingi hufia hapo. Zinazobaki hai, ajabu yake, kadhaa zimejaribiwa hapa hapa kaunti yetu ya Kilifi.

Naanza na malaria. KEMRI-Wellcome Trust, wale watafiti wa tiba, wako Kilifi mjini tangu 1989, na wengi wetu tunapita pale tukienda Mombasa bila kugeuza shingo. Chanjo ya R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India, ilijaribiwa kwa watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya. Upande wa Kenya ulikuwa Kilifi. WHO iliipitisha Oktoba 2023, na majibu kamili yakachapishwa Februari 2024: penye malaria ya msimu, hatari ya kuugua mwaka wa kwanza ilipungua kwa 75%, penye malaria ya mwaka mzima, 68%. Kulinganisha, watoto wengine walidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili mzazi asijue nani kapata ipi. Bei yake ni dola 2 hadi 4 kwa dozi, na dozi ni nne.

Huo ndio utafiti ninaouheshimu. Bei imo, na aliyejaribiwa ni mtoto anayefanana na wangu. Neti lakini isitolewe kitandani.

#2 MkulimaMagarini

Bi Dawa, shikamoo. Hapo ulipogusa ndipo panapouma. Watoto wa Kilifi wakadungwa, vidole vikatobolewa, wazazi wakatia sahihi. Chanjo ilipokuwa tayari ikapelekwa ziwani kwanza. Sisi ni wa kujaribiwa tu? Tena msitwambie "subirini", tumesubiri maji, tumesubiri barabara.

#3 Bi_Dawa_Muyeye

Marahaba kaka. Ni kweli, kampeni ya chanjo ya malaria Kenya ilianza Septemba 2019 Homa Bay, na chanjo ya wakati huo ni ile ya kwanza, RTS,S, ambayo nayo Kilifi iliijaribu. Sababu yao ni hii: katika uchunguzi wa kitaifa wa 2020, watoto waliokutwa na vimelea ukanda wa ziwa walikuwa 19%, ukanda wetu wa pwani 5%. Zamani wodi ya watoto Kilifi ilijaa malaria. Tangu miaka ya 2000 ilishuka sana. Chanjo zikiwa haba hupelekwa panapokufa watu wengi.

Hesabu hiyo naielewa. Lakini asilimia 5 ni wastani, na wastani hauumwi na mbu. Kuna vijiji huko kwenu Magarini, karibu na mto Sabaki, ambavyo mtu akivipima peke yake hatapata 5. Kwa hiyo manung'uniko yako yapeleke kwa mwakilishi wa wadi ukiwa na takwimu za zahanati yenu mkononi. Zahanati wana daftari la vipimo. Mwombe muuguzi akuonyeshe jumla ya kila mwezi, si siri.

#4 KijanaWaMaweni

Mimi bibi yangu akisikia "utafiti" hufunga mlango. Husema hao ni mumiani wenye beji 😂. Sasa nimesoma mahali kwamba Kwale watu walipewa vidonge ili mbu akiwauma, AFE MBU. Hiyo ni kweli au ni hadithi za Abunuwasi?

#5 Bi_Dawa_Muyeye

Ni kweli tupu, na bibi yako ataipenda. Dawa ni ivermektini, ile ya minyoo na matende. Ikiwa ndani ya damu ya mtu, mbu anayeinyonya hufa. Mradi unaitwa BOHEMIA. Kwale walipewa dozi mara moja kwa mwezi, miezi mitatu, mwanzo wa vuli. Zaidi ya watu 20,000 walishiriki. Kwa kulinganisha, wengine walipewa albendazoli, dawa ya minyoo isiyomdhuru mbu. Majibu yalitoka Julai 2025: watoto wa miaka 5 hadi 15 walipata maambukizi mapya machache kwa 26%, na hiyo ni juu ya neti walizokuwa nazo tayari.

Asilimia 26 si ya kupigia vigelegele. Lakini neti hulinda aliyelala, na mbu wetu siku hizi wamejua kuuma magharibi watu wakiwa barazani. Kidonge kinakufuata hadi barazani. Na huko Mopeia, Msumbiji, tawi jingine la mradi, upele na chawa vilipungua, wenyeji wakasema hata kunguni. Mtu akileta habari ya kunguni kufa hapa Malindi, sitahitaji kumshawishi yeyote.

Kuhusu mumiani: bibi hana kosa kuuliza damu inakwenda wapi. Kila fomu ya kukubali utafiti lazima iseme damu kiasi gani, itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, na kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Asome, au asomewe kwa Kigiriama au Kiswahili, kabla ya kidole gumba kugusa wino.

#6 Mama_Zai

Hiyo video ya sikoseli huenda ni mimi niliyekuletea, Bi Dawa. Mwanangu ana miaka minne, ana kilo kumi na nne. Mwaka huu amelazwa si haba, na damu ameongezwa. Nieleze kwa kituo tafadhali: inapona au haiponi?

#7 Bi_Dawa_Muyeye

Mama Zai, dada yangu, video haikusema uongo, imeacha tu nusu ya maneno.

Kuna tiba iitwayo Casgevy. Uingereza iliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo huo, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Himoglobini ni kile kinachobeba hewa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila mtu huzaliwa na himoglobini ya kichanga, ambayo haifanyi chembe nyekundu zipinde. Baada ya miezi kadhaa mwili huizima na kuwasha himoglobini ya ukubwani, na kwa mtoto wa selimundu (ndiyo hiyo sikoseli) hiyo ya ukubwani ndiyo yenye kasoro. Ndiyo maana mtoto huonekana mzima mwanzoni, kisha vidole vinaanza kuvimba. Kinachozima himoglobini ya kichanga ni jeni inayoitwa BCL11A. Wanasayansi huchukua seli za uboho wa mgonjwa, wakatumia CRISPR, mkasi wa kukatia jeni, kukata swichi ya jeni hiyo, wakamrudishia. Mwili unaanza upya kutengeneza ile ya kichanga. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Hilo si jambo dogo, wallahi.

Sasa nusu iliyoachwa. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kansa kuua uboho wake wa zamani. Hukaa hospitali wiki kadhaa bila kinga, nywele zinanyonyoka, na huenda asizae tena. Bei Marekani: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Na mwanao ana miaka minne, hata umri haujafika.

Ila kuna ya pili ambayo haina video. Ni haidroksiyurea, kapsuli ya zamani ya kansa ya damu. Kazi yake kubwa ni nini? Kuamsha himoglobini ile ile ya kichanga. Haifanyi kwa nguvu ya Casgevy, na lazima imezwe kila siku, lakini inapita mlango ule ule.

Kwa miaka mingi Afrika watoto hawakupewa, kwa hofu kwamba dawa inayopunguza chembe nyeupe itawafanya wazidiwe na malaria. Ukafanywa utafiti wa REACH: Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, watoto wa mwaka 1 hadi 10, walioanza dawa ni 606. Majibu yalichapishwa 2019, na hofu ikapinduka chini juu. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Malaria nayo ilipungua kama nusu, ile ile tuliyoihofia. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Vifo, kutoka 3.6 hadi 1.1.

Kwa hiyo jibu langu kwa kituo: kupona kwa Casgevy hakupo Malindi wala Nairobi kwa pesa zetu. Kupunguza vitanda vya hospitali kwa kapsuli kupo, na kumethibitishwa kwa watoto wa kaunti hii. Nenda kliniki ya selimundu umuulize daktari kwa nini mwanao hayuko kwenye haidroksiyurea. Huenda ana sababu. Lakini swali liulizwe.

#8 Mama_Zai

Miaka minne naenda kliniki fulani, hakuna aliyewahi kunitajia jina hilo. Napewa foliki na Panado. Asante Bi Dawa, nimeliandika.

#9 NahodhaShela

Assalaam aleikum kutoka Lamu. Amu yangu anasafishwa damu kwa mashine, kila kikao ni safari ya boti mpaka Mokowe kisha gari. Tumesikia Wamarekani wametia watu figo za nguruwe. Kwanza zinafanya kazi? Pili, kwa sisi Waislamu inakuwaje?

#10 Bi_Dawa_Muyeye

Wa aleikum salaam nahodha, Mungu ampe afueni. La kwanza nalijibu, la pili nalikwepa kidogo.

Zinafanya kazi, bado kwa muda. Machi 2024 huko Boston, Richard Slayman alikuwa mtu hai wa kwanza kupandikizwa figo ya nguruwe aliyebadilishwa jeni. Alifariki Mei, na hospitali ilisema haikuona dalili kwamba ni kwa sababu ya figo. Januari 2025 Tim Andrews alipandikizwa hospitali hiyo hiyo, ikamkalia siku 271 kabla ya kutolewa. Kwa hiyo nyie msiuze boti bado.

La dini, waulizwe wenye elimu. Nataja tu jambo la dukani: dawa inayozuia damu kuganda ndani ya ile mashine, heparini, kwa sehemu kubwa duniani hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Amu yako huenda ameshaipata kila kikao. Watu hawalijui hilo, wanakuja kustuka kwenye figo.

#11 Ustadh_Langoni

Bi Dawa umetustua kweli. Kanuni ya mafakihi inajulikana: dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Pakiwepo mbadala wa halali unaofanya kazi ile ile, hukumu inabadilika. Mgonjwa amwendee sheikh anayemwamini akiwa na maelezo ya daktari mkononi. Asiende na uvumi, maana sheikh hujibu alichoulizwa.

#12 Mkunga_Pate

Naomba kuleta habari ambayo haitapata video kamwe, kwa sababu ni karatasi ya nailoni.

Nazalisha visiwani Lamu. Mama akitoka damu usiku na maji yamekupwa, boti haisogei. Hofu yangu yote iko hapo. Zamani (na pengine hata leo) damu tulikadiria kwa macho: kanga imelowa, pamba zimelowa, "naona si nyingi". Macho hudanganya, damu ikishaingia kwenye godoro huioni tena.

Utafiti wa E-MOTIVE ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, akina mama zaidi ya 200,000, majibu 2023. Walichofanya: mara mtoto akitoka, unamtandikia mama shuka ya nailoni yenye mfuko chini, na mfuko una mistari ya vipimo. Damu inateremka mfukoni, unasoma. Ikifika mililita 500 hujadiliani na mtu. Unakanda tumbo la uzazi, unatia oksitosini ya kukaza kizazi, unatia asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, unatundika dripu, unakagua kama pamechanika au kondo limebaki, yote kwa mpigo. Sisi tulifundishwa moja baada ya jingine, ukisubiri kuona kama la kwanza limesaidia. Kusubiri huko ndiko kulikoua watu.

Kutoka damu kwa hatari, upasuaji wa kuzuia damu na vifo, vikijumlishwa, vilishuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Na Oktoba 2025 WHO ikaongeza kwamba usingoje hata hiyo 500: mililita 300 pamoja na mapigo ya moyo au presha visivyo vya kawaida, anza.

Dawa zote hizo tunazijua. Kilichokuwa kipya ni shuka na mpangilio. Kituo kikikosa shuka hizo, wazee wa kamati waulize kwa nini. Kuzinunua hakuhitaji wafadhili wa ng'ambo.

#13 Bi_Dawa_Muyeye

Mkunga, shikamoo mara mbili. Post yako ingekuwa namba moja.

Naongeza haraka mawili niliyoulizwa faragha. Sindano ya kukinga ukimwi ni lenakapaviri, hudungwa mara moja kila miezi sita. Kwa wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Majibu ya 2024. WHO iliipendekeza Julai 2025, na Kenya imo katika kundi la kwanza la nchi kuipokea. Wenye viwanda vya India wameahidi bei ya dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Si chanjo na haitibu aliyekwisha ambukizwa. Lazima upimwe kwanza.

Ya kukondesha, semaglutaidi: ni dawa halisi ya kisukari, na WHO iliiweka katika orodha ya dawa muhimu Septemba 2025. Ila Juni 2024 walitoa onyo kuhusu bandia zinazouzwa duniani. Ni ya kutunzwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Anayekuuzia kutoka kwenye mkoba ufukweni saa nane mchana, joto la Malindi mnalijua, amekuuzia maji ya gharama.

#14 MkulimaMagarini

Daftari la zahanati nitaliomba Jumatatu. Sasa nyoka. Msimu wa kulima kifutu wako kila shamba. Kuna lolote, au ni lile jiwe jeusi tu?

#15 Bi_Dawa_Muyeye

Jiwe jeusi halinyonyi sumu kaka. Wala usichanje, usifunge kamba mpaka mguu ukauke. Tuliza mguu usitikisike, mbebe mtu, kimbia hospitali. Watamu wale wa Bio-Ken wamefanya kazi ya nyoka tangu miaka ya 1980, wanaelewa mambo haya, muulize yeyote wa huko.

Jipya lipo, na lipo Kilifi tena. Unithioli ni dawa ya kumeza ya watu waliokula zebaki na madini mengine. Sumu ya kifutu ina vimeng'enya vinavyohitaji zinki ili viozeshe nyama. Unithioli huinyang'anya sumu ile zinki. Wamejaribu kwa watu 64 wazima wa Kilifi kupima kama ni salama na dozi gani, majibu yakatoka 2025: ni salama. Bado haijapimwa kama inaokoa walioumwa, kwa hiyo usije dukani kuniomba. Lakini fikiria maana yake: kidonge kinachokaa kwenye zahanati ya kijijini bila friji, unameza kwanza, ndipo safari ya kwenda kudungwa dawa ya sumu ianze. Kwa swila na koboko (nyoka mamba), ambao sumu yao huvamia neva, hiki hakitoshi.

Wa Marekani aliyejidunga sumu mwenyewe karibu miaka 18, Tim Friede, damu yake imetoa kingamwili mbili ambazo, zikichanganywa na dawa nyingine, zilikinga panya dhidi ya sumu za jamii hiyo ya swila na koboko. Mei 2025 hiyo. Panya, nasisitiza. Na msijaribu nyumbani, nawajua.

#16 KijanaWaMaweni

Bibi amekubali kumeza kidonge cha kuua mbu. Cha nyoka amesema atafikiria.

#17 Mama_Zai

Bi Dawa, nimerudi. Leo nimeuliza. Daktari mpya, kijana, akasema ndiyo, tunaweza kuanza, twende tupime damu kwanza. Lakini kwenye duka moja nimeonyeshwa kapsuli za 500. Mtoto wa kilo 14 atameza 500? Muuzaji akanambia nifungue nigawe nusu.

#18 Bi_Dawa_Muyeye

Usifungue! Unga wake ni dawa ya kansa, hautakiwi kushikwa kwa mkono wala kupuliziwa hewani jikoni, hasa kama kuna mwenye mimba nyumbani. Dozi ya kuanzia kwa watoto huwa karibu miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, kwa hiyo wako anaangukia kati ya 210 na 280 kwa siku. 500 ya kila siku ni nyingi mno. Kuna vidonge vya 100 vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Visipopatikana, madaktari wengine hupanga kapsuli siku moja na kuruka inayofuata. Uamuzi huo ni wa daktari wako, si wangu wala wa muuzaji yule.

Mwulize pia damu itapimwa tena lini, maana chembe nyeupe zikishuka sana dawa husimamishwa kwa muda. Akipata homa, usingoje tarehe ya kliniki. Na siku ya kwenda mpime uzito upya, kitabu chake usikiache nyumbani. Dozi inapigwa kwa kilo za siku hiyo.